Pacha wangu hawatulii na picha zinatoka ukungu: ninunue lenzi gani?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa pacha, Kulwa na Doto, wana miaka mitatu na miezi minne. Tunakaa Ngamiani, Tanga. Mwaka jana kaka yangu aliyeko Muscat alikuja likizo, akaniachia kamera yake, Canon EOS 2000D, pamoja na lenzi iliyokuja nayo, 18-55. Alinionyesha pa kuwashia na pa kubonyeza, akarudi zake.

Watoto wakilala napiga picha nzuri mno. Wakiamka ndipo shida inapoanza. Mchana wanakimbiza kuku uani, jioni wanazunguka meza ya sebuleni mpaka mimi niliyekaa ndiye ninayeona kizunguzungu. Nikipiga, Kulwa anatoka kama moshi na Doto anatoka kisogo. Juzi nilihesabu: picha 140, zilizofaa tisa, na katika hizo tisa, sita wamekaa wanakula. Flashi nimeizima kwa sababu ikiwaka wanafumba macho, na sura zao zinang'aa kama wamepakwa mafuta ya kupikia.

Nimejifunza kuangalia taarifa za picha kwenye kioo cha nyuma. Za sebuleni nyingi zinasomeka 1/40, F5.6, ISO 3200. Sijui maana yake, nakuandikia labda zitakusaidia.

Nilikwenda dukani. Muuzaji akasema tatizo ni lenzi, ninunue 75-300 ili niwapige kutoka mbali bila wao kujua, tena bei yake haiumizi. Jirani yetu anayepiga picha za harusi anasema nisithubutu, ninunue 50mm ambayo haina zumu kabisa. Shemeji yangu naye kasoma mahali kwamba nitafute yenye kizuia mtikisiko. Watu watatu, lenzi tatu, na hela yangu ya upatu ninayopokea mwezi ujao ni ya lenzi moja tu.

Januari wanaanza chekechea. Nataka niwe na picha zao za utoto huu wa uani kabla hawajavaa sare. Na swali dogo: nikinunua mpya, hii ya sasa niiuze?

Mama Kulwa, Tanga

---

Marahaba, Mama Kulwa. Hongera kwa pacha, na pole kwa meza ya sebuleni.

Umeniandikia namba tatu ukidhani ni za kunisaidia kidogo. Zimenisaidia kuliko barua yote. Wengi wanaoniuliza lenzi ya kununua hutaja bei na jina la kampuni, basi, nami hubaki kubahatisha. Wewe umeleta ushahidi.

Tuanze na 1/40. Maana yake kamera ilifungua jicho lake kwa sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Kwako hiyo ni kufumba na kufumbua, ila kwa Kulwa ni muda mrefu sana. Mtoto anayekimbia mita mbili kwa sekunde, na wa miaka mitatu anaziweza akiwa nyuma ya kuku, husogea sentimita tano katika muda huo. Sentimita tano ndiyo nafasi iliyopo kati ya jicho lake moja na jingine. Kwa hiyo jicho la kulia limechorwa kuanzia mahali pake hadi lilipo la kushoto, na huo ndio moshi unaouona. Kwa 1/500 mtoto huyohuyo husogea milimita nne tu, na picha inatulia.

Hapo shemeji yako amekosea, ingawa kakosea kwa nia njema. Kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako wewe. Kitasaidia ukipiga picha ya msikiti magharibi, au ya watoto wakiwa usingizini. Doto hakimtulizi hata kidogo. Mtoto atatoka moshi uleule, ila nyuma yake kabati la vyombo litaonekana safi kabisa.

Kwa nini kamera ilichagua 1/40? Kwa sababu ya F5.6. Hiyo ni namba ya tundu la lenzi, mlango wa mwanga, na inasomwa kinyume: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi yako ikiwa 18, yaani inapoona eneo pana kabisa, inafunguka hadi 3.5, lakini ukivuta zumu hadi 55 inajibana hadi 5.6, na naona wewe huvuta hadi mwisho. Mlango ukibanwa, kamera haina la kufanya isipokuwa kuuacha wazi kwa muda mrefu zaidi. Kwa lenzi ya tundu 1.8, mwanga unaoingia ni karibu mara kumi ya ule wa 5.6. Sebule ileile, taa ileile, 1/40 yako inakuwa karibu 1/400. Hiyo ndiyo sababu jirani yako wa harusi anang'ang'ania lenzi isiyo na zumu. Anajua kumbi zilivyo na giza.

Lakini usikimbilie dukani. Kuna jaribio la bure la kufanya kabla hela ya upatu haijafika.

Juu ya kamera kuna gurudumu lenye alama. Sasa hivi bila shaka liko kwenye zile za kujiendesha lenyewe. Lizungushe hadi Tv, pale ambapo wewe ndiye unayechagua kasi na kamera inajitafutia tundu. Kisha zungusha kigurudumu kidogo karibu na kitufe cha kupigia mpaka usome 500 kwenye kioo, yaani 1/500, na ISO, ile namba yako ya tatu, inayoonyesha kamera inaukuza mwanga kwa kiasi gani, iache kwenye AUTO. Toka uani saa nne asubuhi, bonyeza kitufe nusu, angalia namba ya tundu. Ikikaa kimya, mwanga unatosha. Ingia sebuleni, bonyeza tena nusu. Namba ile ikianza kuwakawaka, kamera inakwambia: mama, nimefungua mlango wote na bado sioni.

Nakuhakikishia uani haitawakawaka. Kivulini, mchana wa kawaida wa Tanga, lenzi uliyonayo inaweza 1/500 kwa ISO 400 au 800 bila kuhema. Kwa hiyo picha za kuku, nusu ya tatizo lako, hazihitaji lenzi yoyote. Zilikuwa zinaharibika kwa sababu kamera haikujua kwamba unapiga kitu kinachokimbia, ikakuchagulia kasi ya kupigia maua. Kesho asubuhi utazipata. Siyo zote, maana kisogo cha Doto hakina dawa kwenye gurudumu.

Lenzi unainunulia mahali namba inapowakawaka. Ukienda dukani bila kupajua mahali hapo, muuzaji atakuchagulia mwenyewe, naye atachagua kinachomjazia rafu.

Hiyo 75-300, basi. Nimewahi kuona kina mama na kina baba wengi wakiuziwa, kwa sababu ni ndefu na inaonekana ya kazi. Ikivutwa hadi 300 tundu lake ni 5.6, yaani mwanga uleule unaoulalamikia. Haiwezi kufokasi, yaani kukilenga kionekane kikali, kitu kilicho karibu zaidi ya mita moja na nusu, na mtoto wa miaka mitatu akikuona na kamera anakuja kuilamba. Hata ikiwa kwenye 75, yaani fupi yake kabisa, ukisimama mita tatu unapata eneo la sentimita 60 kwa 90 hivi, mtoto mmoja na nusu. Na aina ile anayouza Canon kwa bei ya chini haina kizuia mtikisiko, kwa hiyo ukivuta hadi 300 unahitaji 1/500 kwa ajili ya mkono wako tu, mtoto hajaanza hata kukimbia. Inafaa kwa mechi ya mpira uwanjani mchana. Wanao wakifika darasa la nne uniandikie tena.

Sasa 50mm. Jirani yako yuko sahihi, ila hakukueleza mambo mawili.

La kwanza, sensa ya kamera yako, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, kwa hiyo 50mm kwako inabana kama 80 ilivyokuwa ikibana kwenye kamera zetu za filamu. Ukisimama mita mbili, picha nzima ina upana wa sentimita 89. Mita tatu, sentimita 134. Ukiisimamisha kamera wima ukiwa mita tatu, watoto wawili wanaenea kuanzia kichwa hadi ndala. Je, sebuleni kwako una mita tatu? Usipime kwa macho. Chukua lenzi uliyonayo, zungusha zumu mpaka kidogo kabla ya alama ya 55, ifunge pale kwa kipande cha solotepu, uishi nayo siku tatu. Usiiguse. Ukijikuta unarudi nyuma mpaka mgongo ugonge friji, umejua. Ukijikuta umesimama mlangoni, kamera ikielekea ndani, na wote wawili wanaenea, pia umejua. Nyumba nyingi za Ngamiani nilizoingia zina korido ndefu kutoka mlango wa mbele hadi uani, na korido hiyo ni zawadi kwa mwenye 50mm: watoto wanakuja moja kwa moja kuelekea kwako, mwanga wa mlango uko nyuma yako.

La pili ni zito zaidi kwa mama wa pacha, na kama ungekuwa na mtoto mmoja nisingelitaja kwa kirefu. Mlango wa mwanga ukifunguka sana, eneo linaloonekana kali kwenye picha linakuwa jembamba. Kwa 50mm na tundu 1.8, ukiwa mita mbili, ukali una unene wa kama sentimita 11. Kulwa akiwa hatua moja mbele ya Doto, mmoja atakuwa kama umemchonga na mwingine kama yuko ndani ya uji. Wataalamu wa harusi wanaupenda ukungu huo wa nyuma kwa sababu bibi harusi ni mmoja na amesimama. Wewe una watu wawili na kuku.

Dawa ni kurudi hadi mita tatu na kupunguza tundu hadi 2.8. Hapo unene unakuwa karibu sentimita 38, wanaingia wote wakiwa bega kwa bega. Bado mwanga ni mara nne ya ule wa 5.6. Ile 1/40 yako inakuwa 1/160, ukipandisha ISO hadi 6400 unapata 1/320. Picha itakuwa na chenga kidogo, vidoadoa kama mchanga. Chenga ziache, ukisafisha picha za inchi nane kwa kumi na kuzitundika ukutani hakuna atakayeziona. Na 1.8 iweke kwa siku za mtoto mmoja mmoja: Doto peke yake kwenye kizingiti, akimenya chungwa.

Kuna njia nyingine niliyoifikiria kwa ajili yako, lenzi bapa ya Canon ya EF-S 24mm f/2.8 STM. Nyembamba kama kifuniko cha birika, uzito wake gramu 125, inafokasi hadi sentimita 16, na ukiwa mita mbili ukali wake una unene wa zaidi ya nusu mita, pacha wote ndani. Kwa sebule ndogo inapendeza. Ila lenzi yako ya sasa ikiwa kwenye 24 tayari inafunguka hadi kama 4, kwa hiyo utakuwa umelipia mwanga mara mbili tu. Kwa 50mm unalipia mara kumi. Solotepu ikikuambia 50 haienei kabisa nyumbani kwako, chukua hiyo ya 24 bila kusikitika. Vinginevyo, hukumu yangu ni Canon EF 50mm f/1.8 STM. Ilipotoka mwaka 2015 iliuzwa Marekani kwa dola 125 hivi, nayo ilikuwa katika lenzi mpya za bei ya chini kabisa walizotengeneza. Hapa nyumbani utaikuta imepanda kidogo, au ya mtumba.

Ya mtumba siipingi, nusu ya lenzi zangu ni mtumba. Soma jina lote kwanza. Kuna 50mm f/1.8 II iliyotangulia: ya mwaka 1990, shingo ya plastiki, mota yake inanguruma na kutafutatafuta gizani. Kwa mtoto anayekimbia, huko kutafutatafuta ndiko kunakokupotezea picha. STM, jina la aina ya mota yake iliyo tulivu zaidi, ina shingo ya chuma, na herufi hizo tatu zimeandikwa kwenye uso wake. Kisha omba muuzaji akuwashie tochi ya simu, imulike kupitia nyuma ya lenzi huku ukichungulia mbele. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui au mizizi midogo, hiyo ni kuvu, rudisha mezani na umwamkie mtu wa duka la pili. Sisi wa pwani tunaijua kuvu ya lenzi kama tunavyoijua kutu. Ukishanunua, usiifungie kwenye begi la ngozi kabatini. Bakuli la plastiki la mfuniko wa kubana, ndani yake vile vifuko vya punje wanavyoweka kwenye maboksi ya viatu vipya, inatosha.

Wasomaji wenye Nikon wasione wivu, wao wana bahati kuliko sisi: AF-S DX 35mm f/1.8G, iliyotoka 2009, ni karibu saizi kamili ya sebule. Ila kwa kamera ya D3500 na ndugu zake, herufi AF-S au AF-P, yaani lenzi yenye mota yake ndani, lazima ziwepo. Ile AF 50mm f/1.8D inayouzwa kwa bei ya kuvutia haitafokasi yenyewe kwenye kamera hizo, kwa sababu mwili wa kamera hauna mota ya kuisukuma.

Turudi kwako, Mama Kulwa, maana lenzi peke yake haitageuza kisogo kuwa uso.

Acha kupiga kwa kutazama kioo cha nyuma. Kamera yako ikiwa hivyo inafokasi polepole sana, mtoto amekwisha kunywa maji karudi. Weka jicho kwenye kijidirisha cha juu. Fokasi ihamishe kutoka ONE SHOT uiweke AI SERVO, ili iendelee kumfuata mtoto maadamu umebonyeza nusu. Katika nukta tisa unazoziona ndani, chagua ya katikati peke yake, ndiyo yenye macho makali kuliko wenzake, nawe uiweke usoni pa mtoto. Upigaji uwe wa mfululizo. Kamera hii inapiga picha tatu kwa sekunde, si nyingi, kwa hiyo usishikilie kitufe kama bunduki. Subiri, piga mbili tatu, subiri.

Kusubiri ndiko kazi yenyewe. Watoto wana njia zao kama mbuzi. Watazame dakika kumi bila kamera: utaona wanazunguka meza upande uleule, na kwenye kona ya kochi kila mmoja anapunguza mwendo ili asiteleze, halafu anainua uso kumtafuta mwenzake. Kaa pale. Kaa chini kabisa, mkekani, kamera iwe usawa wa macho yao. Ukipiga umesimama utapata tena visogo, hata kwa lenzi ya dola elfu mbili.

Na jambo la rangi, kwa kuwa nyumba zetu nyingi kuta ni nyeupe. Kamera ikiona ukuta mweupe mwingi inadhani pana mwanga kupita kiasi, inapunguza, na nyuso za watoto wetu zinazama gizani. Shikilia kitufe cha Av chenye alama ya kujumlisha na kutoa, zungusha kigurudumu upande wa kujumlisha hadi theluthi mbili au moja kamili. Ukuta utang'aa sana, uache ung'ae. Siku ya Idi wakivaa kanzu nyeupe utanikumbuka.

Usiku chini ya taa za umeme unaweza kuona mistari ya giza ikipita kwenye picha za 1/500. Si ubovu wa lenzi, usiirudishe dukani. Umeme wetu ni wa mzunguko wa 50, taa nyingine zinawaka na kuzima mara 100 kwa sekunde, na kasi kubwa inazikamata zikiwa zinazima. Shuka hadi 1/100 na ungoje wasimame kidogo, au badilisha taa hiyo. Mimi hungoja tu asubuhi.

Ile 18-55 usiiuze. Hela yake haitakununulia hata begi, na siku bibi, shangazi na binamu kumi na wanne watakapojipanga ukutani kwa picha ya ukoo, hiyo 50mm itakupeleka hadi barabara ya pili ndipo wote waenee.